Nilimwogesha Doli Vizuri Mno

Mama Kivuva mpendwa,

Nakuomba unishike mkono kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi ndiyo siku ya mwisho ya darasa letu na sijui nitaingia pale na uso gani. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, fundi wa stima, niko na duka moja la vifaa vya umeme hapa katikati ya jiji, nyumbani ni Muthangari, upande wa vyumba vya kukodi, si kule kwa mageti makubwa, usije ukadhani nakuandikia kutoka kwa mabalozi. Kwetu ni Bungoma. Mke wangu nitamwita Nzula, yeye ni wa Makueni, ni karani katika ofisi moja ya serikali, na mimba yake ni ya miezi minane na wiki moja. Majina yote humu ndani nimeyabadilisha isipokuwa la mtoto, hilo nilijaribu mara tatu mkono ukakataa.

Nzula anaogopa kuzaa. Dada yake alipata shida sana alipojifungua, na tangu siku hiyo Nzula akisikia neno leba anashika shingo. Kwa hivyo tulipoambiwa kuna darasa la wazazi watarajiwa kila Jumamosi asubuhi, kwa kliniki moja juu ya maduka karibu na Adams Arcade, alinisihi twende wote, akasema, "Wewe ukijua na mimi nikijua, sitaogopa." Nami nilikubali haraka haraka kama mtu asiye na lolote la kuficha.

Tuko jozi sita, mume na mke. Anayetufundisha ni muuguzi mkunga tunayemwita Sista Everlyn, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za kupumua, na dalili za hatari, na vitu vya kubeba kwenye mkoba wa hospitali, nikawa naandika kila kitu kwa daftari, mwanafunzi mzuri kabisa. Wiki ya tatu akaleta karai, na maji ya uvuguvugu, na doli mkubwa wa plastiki mwenye mkono mmoja unaolegea, akasema leo akina mama wanakaa chini, kina baba ndio wanaogesha. Tulicheka, Mama Kivuva, jamani tulicheka. Kuna jamaa anaitwa Kihara, mtu wa benki mwenye suti hata Jumamosi, alimshika doli kama tikiti maji akamwangusha kwenye karai maji yakamrukia mpaka kwa tai. Mwingine alimwosha miguu dakika tano akasahau kichwa. Kisha zamu yangu ikafika.

Sijui nilikuwa nafikiria nini. Nafikiri sikuwa nafikiria, hilo ndilo kosa. Nilikunja mikono ya shati, nikapima maji kwa kiwiko, nikavuta kigoda nikanyoosha miguu nikamlaza doli juu ya mapaja, kichwa kwa kiganja, nikaanza na macho kwa kitambaa kikavu kidogo, halafu kichwa, halafu mikunjo ya shingo ambayo kila mtu alikuwa ameisahau, halafu nikamgeuza kwa tumbo juu ya mkono mmoja, nikamwosha mgongo, nikamwinua nikamfunika kabla hajapata baridi, na alipokuwa ameshafunikwa nikampigapiga mgongo nikasema, "Haya mama, basi, basi mama, imeisha." Nilisema hivyo kwa doli. Mbele ya watu kumi na wawili.

Watu wakapiga makofi. Kihara akasema, "Wacha bana! Huyu ni fundi wa stima ama ni nesi?" Nzula alikuwa anacheka na macho yana machozi, akauliza mbele ya wote, "Kwani ulijifunza wapi?" Nami nikasema, "Mtoto wa dadangu."

Sina dada, Mama Kivuva. Nina binamu wa kike huko Kitale ambaye Nzula hajawahi kumwona, nikamfanya dada hapo hapo.

Sasa ukweli ni huu. Nikiwa na miaka ishirini na tatu niliishi Kangemi na msichana tunayetoka naye sehemu moja, nitamwita Rachael. Alipata mtoto kwa upasuaji, kidonda kikaingia usaha, akawa hawezi kuinama wala kuinua hata sufuria, na watu wa kwao walikuwa wamemkasirikia kwa sababu hatukuwa tumeonana na wazee, hakuna aliyekuja. Mama yangu mimi alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Kulikuwa na mama mmoja mzee jirani, wa kwetu, ndiye alikuja siku mbili akanionyesha, akasema, "Kijana, mimi nina magoti mabaya, utamwosha wewe." Nikamwosha. Wiki saba, kila asubuhi kabla ya kutoka kwenda kibarua. Maji nilikuwa napima na kiwiko. Nilikuwa nampaka mafuta mpaka kwa vidole vya miguu. Kwetu mtoto huchukua jina la aliyetangulia, kwa hivyo tulimpa jina la mama yangu, Naliaka, na mtoto aliyebeba jina la mama yako unamwita mama, ndiyo maana neno lile lilinitoka kwa doli.

Halafu kukapatikana kazi ya mjengo Kitengela, wiki mbili. Nikaenda. Wiki mbili zikawa mwezi. Nilikuwa nimechoka, mwenye nyumba alikuwa ananisumbua, Rachael alikuwa analia kila jioni, na kule Kitengela hakuna aliyekuwa ananililia, nikajiambia nitarudi mwisho wa mwezi, nikasema hivyo miezi mitatu. Nilipokuja kurudi Kangemi chumba kilikuwa na mtu mwingine. Rachael alikuwa amerudi kwao na mtoto. Ningeweza kumfuata, si mbali, ni basi moja tu, na sikumfuata. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta sana na sijaiona. Binamu yangu Nashon ndiye hunipa habari, ananiambia mtoto anafanana na mama yangu mpaka mwendo, na mimi husema aisee, kisha nabadilisha mazungumzo.

Nzula hajui. Kabla ya harusi mchungaji alituuliza kila mmoja, kama kuna mtoto mahali aseme sasa. Nzula alisema hapana. Mimi nikasema hapana kwa sauti kubwa kumpita.

Sasa tangu siku ya doli Nzula amenifanya shujaa. Siku hiyo tulitembea kidogo kwa sababu Sista alisema kutembea ni kuzuri, tukasimama kununua mahindi ya kuchoma, akamwambia mama wa mahindi, "Unaona huyu? Anaogesha mtoto kuliko nesi." Amemwambia mama yake kwa simu. Amewaambia wanawake wa kanisa. Kila akinisifu nahisi kama ananipiga kofi, na hajui, na ananipiga tena.

Jumamosi iliyofuata Sista Everlyn akaniambia, "Baba, baki kidogo unisaidie na viti." Tukapanga viti. Akasema bila kuniangalia, "Nimefanya hii kazi miaka kumi na tisa. Mtoto wa dada, mtu humbeba tu. Wewe mikono yako imeosha mtoto wako. Yuko wapi?" Nikasema, "Yuko kwao." Akasema, "Kwao ni wapi kama si kwako?" Nikaendelea kupanga viti. Akaniambia yeye hatamwambia mke wangu, si kazi yake, lakini nisimletee uwongo ndani ya chumba cha kuzalisha, kwa sababu mwanamke akiwa kwenye uchungu anasikia kila kitu.

Na jioni ya siku hiyo hiyo ndiyo ilinimaliza. Picha ilishaonyesha ni msichana. Nzula alikuwa anakunja vile vifulana vidogo, akasema, bila kuinua kichwa, "Kwetu msichana wa kwanza ni wa mama ya bwana. Tumwite Naliaka, si ndiyo?" Mama Kivuva, nilihisi baridi mpaka kwa meno. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini. Nikasema mama hakuwa na bahati, jina lake ni zito, liache lipumzike. Mama yangu! Mama aliyeuza samaki wa omena akanisomesha ufundi, aliyekuwa akicheka mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini, nikamwita mkosi ili nijiokoe. Nzula akakunja kifulana kile kile mara ya pili, na mara ya tatu, kisha akasema, "Sawa. Jumamosi Sista atauliza kila mtu jina la mtoto. Utanitajia wewe. Nitangoja."

Nashon anasema ninyamaze mpaka mtoto afikishe miezi mitatu, Nzula akishakuwa na mtoto mikononi hataenda popote. Nami naogopa nikimwambia sasa atapata mshtuko uchungu uanze kabla ya wakati, au atafunga mkoba aende Makueni azae bila mimi, na nitakuwa nimekosa kuona mtoto wa pili kama nilivyomwacha wa kwanza. Najuta, Mama. Najuta kwa Rachael na kidonda chake, najuta kwa yule msichana, najuta hata kwa yule mama wa magoti mabaya aliyedhani ananifundisha kitu cha maana. Nimwambie au ningoje? Na nikimwambia, naanza vipi?

Ni mimi,
Fundi wa Muthangari

*

Fundi,

Kwanza, pole. Haya, pole imeisha, sasa tuongee.

Jibu hili nimekutumia mwenyewe Jumatatu. Gazetini litatoka baada ya Jumamosi yako, likukute umeshasema. Na jina la mtoto nimelibadilisha mimi, lile unaloliona hapo juu silo. Uliniambia mkono ulikataa. Nimeuelewa mkono wako vizuri sana: ulitarajia Nzula afungue gazeti, aone jina, ajue, na wewe usitoe hata neno moja. Sikufanyii kazi hiyo. Na jina la mtoto ni mali ya mtoto, si lako la kugawa ukurasani ili upunguze mzigo.

Sasa nisikilize. Mke wako anajua.

Usiruke. Labda hajui Rachael wala Kangemi, lakini anajua kuna mtoto. Mwanamke mjamzito amekaa sakafuni anamtazama mume wake akiosha mikunjo ya shingo ya doli, anamsikia akimwita doli "mama," kisha siku chache baadaye anakuletea jina la mama yako, akiangalia kifulana ili asikuangalie machoni. Unadhani alikuwa anatafuta jina? Nzula alikuwa anakufungulia mlango, bwana. Alikupa nafasi ya kusema kwa upole, nyumbani, mko wawili. Wewe ukamtukana mama yako marehemu ukaufunga. Na hata hapo hakukufokea. Amekupa siku. Amesema atangoja mpaka Jumamosi. Hao wanawake wa kanisa anaowasimulia habari zako, nakuhakikishia anawasimulia huku anakuangalia usoni, aone kama utavumilia.

Kuhusu huyo Nashon, mwambie akae na ushauri wake. Kungoja mpaka mke awe na kichanga mikononi ndipo umwambie ni kumtegea mtego. Unataka abaki kwa sababu anakupenda au kwa sababu ana mshono na maziwa yanamtoka na hana pa kwenda? Rachael alikuwa hivyo hivyo, hakuwa na pa kwenda, na tuliona ulivyomfanyia.

Ndiyo, nitakugombeza kwa Rachael. Umeniandikia joto la maji. Umeniandikia kiwiko, kigoda na mafuta mpaka kwa vidole. Umri wa mtoto wako hukuandika, nimepiga hesabu mwenyewe hapa mezani: ana miaka tisa, au yuko karibu. Hukuniambia yuko darasa gani, kama ana viatu, kama anauliza baba yake ni nani. Umeandika kwamba Rachael alikuwa analia kila jioni kana kwamba kilio chake kilikuwa kelele za jirani. Alikuwa na tumbo lililopasuliwa, lina usaha! Angefanya nini, aimbe?

Na nikuambie kinachoniuma kuliko vyote. Ungekuwa mmoja wa wale wanaume wasiojua mtoto anashikwa wapi, ningekusema dakika mbili nikaachana nawe. Lakini wewe ulikuwa baba mzuri. Wiki saba mfululizo, peke yako, na kibarua juu yake. Mtoto alikuwa salama mikononi mwako kuliko watoto wengi wa jiji hili wenye yaya wawili. Kwa hivyo usiseme hukuweza. Uliweza, ukaacha. Hilo utaishi nalo, na sitakuondolea, kwa sababu hilo ndilo litakalokufanya usiondoke mara ya pili.

Sasa fanya hivi. Usingoje Jumamosi. Darasani kuna jozi nyingine tano, na aibu ya Nzula haitakuwa ya Kihara kuitazama. Kesho mchana mpigie Sista Everlyn. Muulize presha ya Nzula ikoje na kama kuna sababu yoyote ya kiafya ya kumsubirisha. Kama atakuambia kuna hatari, mfuate anavyosema, mwambie Nzula kliniki, Sista akiwa karibu. Kama hakuna, toka kazini mapema, ufike nyumbani kabla jua halijazama, zima televisheni, kaeni mezani. Simu weka chumba kingine. Usianze kwa kulia, maana ukianza kulia itabidi akubembeleze, na zamu ya kubembelezwa ni yake.

Mwambie yote mara moja. Mwambie na la mchungaji. Mwambie huna dada. Ukimpa nusu leo na nusu mwezi ujao, hiyo nusu ya pili ndiyo itakayovunja nyumba. Usiseme ulikuwa mdogo, miaka ishirini na tatu si udogo, na Rachael hakuwa bibi kizee. Na kabla hujainuka, msafishe mama yako. Mwambie hakuwa na mkosi wowote, mkosi ulikuwa mdomo wako.

Akitaka kwenda Makueni, mbebee mkoba. Hakikisha ndani mna kijitabu chake cha kliniki na namba ya Sista. Usisimame mlangoni, usiite wazee, usimtumie mchungaji. Mwambie utafika saa yoyote akikuita, na usipoitwa ukae kimya ukiwa na nauli mfukoni. Kama atazaa bila wewe chumbani, itakuuma sana, na utavumilia. Kuna mwanamke aliyevumilia kubwa zaidi akiwa peke yake.

Akibaki, usidhani ameshasamehe. Amebaki tu. Mpe muda wake.

Halafu kuna safari ya basi moja uliyoikwepa miaka yote hiyo. Usiende shuleni kwa mtoto na mkate na soda kama mgeni wa siku ya wazazi. Mtafute Rachael kwanza. Mwombe ruhusa ya kuomba msamaha, na akikukatalia, urudi ukaombe tena mwaka ujao, na mwingine. Matunzo ya mtoto hayangoji ruhusa hiyo, panga na Rachael yanamfikiaje. Na Nzula ajue kila hatua kabla hujaikanyaga. Watoto hawa wawili ni ndugu, siku moja watatafutana, na ni heri wakute wazazi walioongea.

Umeniuliza utaanza vipi. Nimelifikiria swali lako siku mbili nzima, kwa sababu ndilo la pekee la kweli uliloniuliza. Mke wako alishaanza, wewe umalizie tu. Aliuliza jina, ukamdanganya, naye bado anangoja jibu. Basi keti mbele yake, mwangalie, umwambie: "Nzula, jina la mama tayari lina mwenyewe. Ana miaka tisa."

Kisha nyamaza, umwache aulize.

Mama Kivuva